Dada akifunga mlango, unagongwa

Dada yangu ni mhadhiri wa chuo kikuu, ana watoto wawili, na tunaishi wote Tengeru. Majirani hudhani akimaliza kipindi darasani kazi imekwisha. Kumbe kufundisha tu hakumfikishi mtu kwenye uprofesa. Lazima afanye utafiti na achapishe makala kwenye majarida ya kisayansi.

Kwa kuwa naandika habari za afya, huwa nawauliza watafiti wanakwama wapi. Kwanza watataja fedha, na ni kweli, maabara ni gharama. Ukifika kikombe cha pili cha chai ndipo wanataja muda. Dada ana rundo la mitihani ya kusahihisha, wanafunzi wa kusimamia na vikao visivyoisha. Jioni kuna kazi za shule za mkubwa na kikohozi cha mdogo. Makala zake huandikwa saa 10 alfajiri.

Shemeji naye ni msomi. Yeye akifunga mlango, watoto huambiwa baba anafanya kazi. Dada akifunga, unagongwa: "Mama, soksi yangu iko wapi?"

Si kwetu tu. Mwaka 2020, wakati wa Uviko-19, wanasayansi wa Marekani na Ulaya waliulizwa kuhusu muda wao wa utafiti. Waliopoteza zaidi ni wanawake na wenye watoto wadogo.

Mzazi mwenzangu, hili linafika hadi jikoni kwako. Maji ya sehemu nyingi kuzunguka Mlima Meru yana floraidi kupita miligramu 1.5 kwa lita, kiwango cha Shirika la Afya Duniani. Ndiyo inayowaachia watoto meno ya kahawia, na ikizidi sana hudhuru mifupa. Hapa hapa Tengeru, Dk Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela alibuni chujio la maji lililompa tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Kazi ya namna hiyo hula siku nyingi za kupima na kupima tena. Dada anapima magadi tunayotia kwenye makande, maana nayo huwa na floraidi.

Sasa Jumanne na Alhamisi, saa 12 jioni hadi saa 2 usiku, anayegongewa ni baba. Wiki ya kwanza mdogo alilia mlangoni kwa mama. Wiki ya tatu alipita moja kwa moja kwa baba yake, soksi mkononi. Makala ya magadi ilitumwa mwezi uliopita, tunasubiri majibu.