Mipira ya Datsun

Kwa kizazi changu, Datsun 240Z lilikuwa gari la Pasaka. Miaka ile mashindano ya magari ya Safari Rally yaliendeshwa siku za Pasaka, na mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda wakiwa na gari hilo la milango miwili, lenye boneti ndefu na injini ya silinda sita ya lita 2.4. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, pamoja na Lofty Drews. Pointi zake za adhabu zililingana na za Harry Källström, lakini Mehta akapewa ushindi kwa kuwa ndiye aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kuadhibiwa. Majina hayo watoto wa Mombasa tuliyakariri.

Lakini mimi 240Z nililijua zaidi kwa vioo vyake. Mjomba wangu alikuwa fundi wa bodi na vioo, na wenye magari hayo walimletea baada ya barabara za changarawe za Taita na Kwale kuwafanyia kazi yake. Vioo vingi vya mbele siku hizo vilikuwa vya kukazwa kwa joto: kioo hupashwa moto sana, kisha hupozwa ghafla, nje kukabana na ndani kuvutana. Huwa kigumu kweli, lakini jiwe likipata njia, nguvu yote iliyofungiwa ndani huachiliwa kwa mara moja. Kioo kizima kiligeuka cheupe machoni mwa dereva, chenga zimeshikana, barabara haionekani. Wenye uzoefu walipiga ngumi wakatoboa tundu la kuchungulia, wakaja hivyo hivyo mpaka gereji.

Kukirudisha kioo ilikuwa kazi ya watu wawili. Mpira ulivishwa kioo pande zote kikiwa mezani, na urembo wa chuma king'aavu ukapachikwa kwenye mfereji wake papo hapo, maana ukingoja kioo kiwe garini utakesha. Kisha kamba nyembamba ililazwa katika mfereji wa ndani wa mpira, ncha zake mbili zikipishana katikati, upande wa chini. Ukingo wa bati ulipakwa maji ya sabuni, kioo kikaegemezwa mahali pake, mjomba akakaa ndani kuivuta kamba polepole. Kila ilipotoka, ilivuta mdomo wa mpira ukapanda juu ya bati. Mimi nilikuwa nje nikisukuma.

"Kwa kiganja, mwanangu, si kwa vidole," alikuwa akiniambia. "Nifuate mimi. Kamba ilipo, na mkono wako uwe hapo hapo."

"Nimekusikia, mjomba."

Mabadiliko ya kwanza niliyoyaona yalikuwa ya kioo chenyewe. Kioo cha tabaka, yaani vioo viwili vyenye utando wa plastiki katikati, si kitu kipya. Mkemia Mfaransa Édouard Bénédictus alipata hataza yake mwaka 1909. Kwetu kilienea taratibu, na kilipoenea, jiwe liliacha nyota au ufa tu, dereva akaendelea kuona. Mjomba alikipenda kwa sababu aliwahi kuokota chenga nyingi kwenye viti vyenye damu.

Mabadiliko ya pili yalikuja na mitumba ya magari kutoka Japani, iliyofurika Kenya miaka ya 1990. Hayo hayakuwa na mpira wa kushika kioo cha mbele. Kioo kilibandikwa moja kwa moja kwenye bodi kwa gundi ya polyurethane, kikawa sehemu ya uimara wa gari: husaidia paa lisibonyee gari likipinduka, na mfuko wa hewa wa abiria unapofumuka hukiegemea. Mafundi vijana walijifunza kukata gundi kwa waya na kuipaka upya kwa bunduki yake. Ni ujuzi halali na muhimu. Ila kamba ilitoweka gereji nyingi, na ilipotoweka, magari ya zamani yakaanza kutibiwa kwa dawa isiyo yao.

Mpira hukauka. Jua na ozoni huukata taratibu, nao husinyaa, hupasuka kwenye kona, mdomo wake ukawa mgumu kama ngozi ya kiatu kilichosahauliwa juani. Maji ya mvua hupenya. Mtu akiona tone kwenye dashibodi, akapaka silikoni juu ya ufa, tone lilikoma, naye akaridhika. Kumbe maji yalikuwa yamefungiwa kati ya mpira na bati. Tena silikoni ya bei nafuu, ile inayonuka siki, hutoa asidi ya asetiki inapokauka, na asidi hiyo huchochea kutu. Ukiongeza chumvi ya hewa ya Pwani, ukingo uliokuwa ukishika kioo unageuka unga huku rangi ya nje ingali inang'aa.

Hivyo ndivyo nilivyolikuta 240Z nililolinunua miaka mingi baada ya mjomba kufariki. Nilipoukata mpira wa kioo cha mbele kwa wembe, bati la kona ya chini lilitoka pamoja nao. Fundi wa bodi alikata mpaka kwenye chuma kizima, akachomelea kipande kipya, akapaka rangi ya kuzuia kutu, na hapo ndipo nilipoagiza mipira.

Hapo napo mambo yamebadilika. Mjomba alitafuta mpira kwenye magari mabovu, akauchagua ulio laini kuliko wenzake. Leo, kwa kuwa familia hii ya Datsun, kuanzia 240Z hadi 280Z, ilitengenezwa kwa zaidi ya laki tano na mengi yakaenda Marekani, mipira mipya bado inatengenezwa, na unaiagiza kwa simu. Mingi ni ya EPDM, aina inayostahimili ozoni na jua kuliko mpira wa asili. Lakini upya si hakikisho. Mipira mingine ya milango inayouzwa ni minene mno, mlango haufungi mpaka uupige kwa nguvu. Wenye magari haya wamegundua kwamba ule wa milango ya Kia Sportage ya miaka ya 1990 unakaa vizuri zaidi.

Mpira ambao watu huusahau ni wa mlango wa nyuma. Gari likienda kasi, hewa nyuma yake hupungua msukumo, na pengo lolote hapo hufyonza moshi wa ekzosi na vumbi kuingia ndani. Madereva wengi wa 240Z wameumwa kichwa safarini wakidhani ni uchovu. Mimi niliubadilisha huo kabla ya kugusa milango, na ningemshauri kila mtu afanye vivyo.

Kwa hiyo mwenye gari la umri huu asingoje tone kwenye dashibodi. Mpira ukishakuwa mgumu, utolewe wote, ukingo ukaguliwe, kutu ing'olewe, kisha kioo kirudishwe kwa mpira mpya na kamba. Asikubali kubandikiwa kwa gundi kwa sababu tu ndiyo fundi aliyoizoea. Gundi ni ya magari yaliyoundwa kwa ajili yake. Datsun hili liliundwa ili kioo kitoke bila kuvunjwa, mtu aone kilicho chini, atengeneze, akirudishe. Ukilizibia njia hiyo, umeliondolea nafasi ya kuokolewa na fundi atakayekuja baada yako.