Kwenda Wasso kwa Pikapu ya Mwaka 1994

Ubishi wa turbo ulianza tukitoka Arusha, hata uwanja wa ndege wa Kisongo hatujaupita. Binamu yangu alikaa katikati, magoti kayabana yasiguse gia, na mfukoni alikuwa na fedha za vitunguu alivyovuna Mang'ola. Alimweleza baba yake kwamba anataka kununua turbo ya mtumba waifunge kwenye Land Cruiser, ili milima ya Loliondo iache kuwanyanyasa. Mjomba hakumkatiza. Binamu alipomaliza, akamjibu, "Fedha yako ina heri, mwanangu. Pa kuiweka tutapaona njiani."

Gari lenyewe ni HZJ75 ya mwaka 1994, injini ya 1HZ: silinda sita mstari mmoja, sentimita za ujazo 4,164, haina turbo wala kompyuta. Toyota walianza kuifunga injini hiyo mwaka 1990, na zaidi ya miaka 30 baadaye ilikuwa bado inakuja Afrika ndani ya Land Cruiser mpya. Nguvu zake ni kama farasi 130, kiasi kidogo kwa injini ya ukubwa ule, na uchache huo ndio uliofanya nyingi zizeeke zikiwa hai. Nyuma tulibeba mabomba ya plastiki, koki na saruji kwa mradi wa maji wa kijiji kimoja karibu na Wasso. Nayapenda magari haya tangu utoto. Yamebeba wagonjwa wetu, mbegu zetu, mbuzi wetu na maiti wetu, na huwa naumia nikiona moja limeegeshwa chini ya mwarobaini, hedi imepasuka, kisa mpira wa maji ambao bei yake haifiki hata ya mtungi wa gesi.

Lami ilituchukua hadi Makuyuni, tukakata kulia mpaka Mto wa Mbu. Hapo mjomba husimama siku zote kabla ya kuingia njia ya vumbi ya Engaruka. Hakwenda kunywa chai. Alizunguka magurudumu akigusa kila habu kwa nyuma ya mkono kusikia kama kuna beringi iliyopata moto, kisha akalala chini ya ekseli ya mbele na kufuta zile tufe za chuma zinazogeuka na magurudumu. Ndani ya kila tufe kuna jointi iliyojaa grisi, na ndani zaidi kuna sili inayozuia oili ya difu isiingie. Sili ikichoka, oili inapenya, grisi inakuwa uji, na siku moja tone linaonekana upande wa ndani wa tairi. Wengi wakiliona tone hilo huongeza grisi na kuondoka. Mjomba yeye hufungua pande zote mbili na kubadilisha sili, pamoja na zile beringi ndogo za juu na chini. Safari hii tufe zilikuwa kavu.

Karibu na Selela tulikuta Hilux imefungua boneti katikati ya jua. Kijana aliyekuwa akiiendesha alimwamkia mjomba shikamoo huku ameinua dumu la maji juu ya rejeta. "Marahaba, baba. Hilo dumu liweke chini kwanza," mjomba akamwambia. "Chuma kimeiva. Ukikimwagia maji ya baridi sasa hivi, utakipasua mwenyewe." Ilikuwa injini ya 2L, lita mbili na pointi nne, ambayo mafundi wa gereji zote wanaujua udhaifu wake: ikichemsha, hedi hupata nyufa kati ya vali na kwenye vile vyumba vidogo moto unakoanzia. Ndiyo sababu wengi wakiua 2L hawaifufui, wanafunga 3L ya lita mbili na pointi nane au 5L ya lita tatu. Ni za ukoo uleule, na huingia mahali pake bila kukata chuma kingi.

Tulipokuwa tunangoja ipoe, mjomba aliuliza kama thamostati ipo. Kijana akasema fundi aliitoa, akamhakikishia kwamba joto litapungua. Nimelisikia jambo hili katika gereji nyingi, na kila nikilisikia nasikitika. Kwenye injini kama 1HZ yetu, thamostati ina kazi mbili. Inapofunguka kuyaruhusu maji yaliyopozwa na rejeta, sehemu yake ya chini huziba njia ya mkato ambayo maji ya moto huitumia kuzunguka ndani ya injini. Ukiitoa, njia ya mkato inabaki wazi siku zote, na sehemu ya maji haifiki kwenye rejeta kabisa. Kwenye tambarare dereva hataona tofauti. Kwenye mlima, akiwa na mzigo, ataiona. Mjomba alilinunua gari lake likiwa halina thamostati, na kitu cha kwanza alichonunua baada ya kadi ya gari ni thamostati mpya, halisi, pamoja na mfuniko wa rejeta. Mfuniko nao haupewi heshima yake, ilhali ndio unaoshikilia presha inayozuia maji yasichemke mapema.

Mpira wa juu wa ile Hilux ulikuwa umefungwa kwa utepe wa mpira wa baiskeli. Tulimpa kipande cha mpira na klipu mbili kutoka kwenye sanduku letu, tukangoja mpaka gari likawaka na geji ikatulia, ndipo tukaagana.

Kutoka Engaruka kwenda mbele, vumbi linabadilika. Ni jepesi, la kijivu, limetoka kwenye milima ya volkano, na linaingia penye tundu lolote. Mkonga wa kuvutia hewa unaopanda pembeni ya kioo una faida, kwa kuwa hewa ya juu ni safi kidogo, lakini watu huufunga na kusahau maungio yake. Hewa ikipata mwanya kati ya mkonga na boksi la eya klina, au baada ya filta, injini inakula mchanga na ringi zinakwisha kimyakimya. Mjomba ana kipimo chake. Alisimamisha gari kwenye kivuli, akaacha injini ikiunguruma taratibu, akapanda juu ya bampa na kufunika mdomo wa mkonga kwa kipande bapa cha mpira mzito. Injini ilikohoa, ikazima. "Sawa," akasema. Kama ingeendelea kuwaka, maana yake ingekuwa inavuta hewa mahali pengine, na tungepatafuta hapohapo.

Tulilala Ngare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai, mlima unaofika mita 2,962. Dizeli huko huuzwa kwenye madumu, na mjomba hanunui kama halazimiki. Amebeba yake. Pampu ya dizeli ya 1HZ hulainishwa na dizeli yenyewe inayopita ndani yake, haina oili ya pembeni. Mafuta ya taa ni makavu, hayalainishi, na zilipita enzi ambapo dizeli nyingi mitaani ilikuwa imechanganywa nayo kwa sababu yalikuwa nafuu. Mwaka 2010 EWURA, mamlaka inayodhibiti biashara ya mafuta nchini, walianza kuweka vinasaba kwenye mafuta ili kuunasa mchezo huo, kisha kodi ya mafuta ya taa ikapandishwa. Hali ilibadilika, lakini pampu zilizokunywa mchanganyiko ule kwa miaka zingali barabarani. Maji ni adui mwingine. Kwenye njia ya dizeli mjomba ameongeza chujio la pili lenye kikombe cha kioo kinachoonyesha maji yakitulia chini, na kila asubuhi hukifungua kidogo kwa chini. Mipira yote ya dizeli, kuanzia tangi mpaka pampu, ameibadilisha, maana mpira mzee huvuta hewa bila kuvuja tone hata moja. Ukiona gari linasumbua kuwaka asubuhi na hita plagi ni nzima, itazame mipira kabla ya kuishuku pampu.

Ukuta wa Bonde la Ufa ulituanza mapema siku ya pili. Njia inapanda kwa kona kali, mawe yanateleza chini ya tairi, na Ziwa Natron linabaki chini upande wa kulia. Mjomba alivuta kijiti kidogo, akaingiza gia nzito za magurudumu manne, na tukapanda kwa mwendo ambao mtu angeweza kutembea pembeni. Binamu aliangalia geji ya joto, akasema iko katikati, tunaweza kukanyaga zaidi. Muda si mrefu kengele ndogo chini ya dashibodi ikaanza kulia.

Kengele hiyo ndiyo kifaa ninachokithamini kuliko vyote alivyoongeza mjomba. Geji ya kiwandani husoma joto la maji. Maji yakiisha, kihisio kinabaki kwenye hewa, na mshale unaweza kushuka wakati injini inaungua. Kengele ya mjomba husoma joto la chuma: kihisio chake kimefungwa kwa bolti kwenye hedi yenyewe. Tulisimama, mawe yakawekwa nyuma ya tairi, injini ikaachwa taratibu kwanza halafu ikazimwa. Maji yalikuwemo. Mjomba akausukuma upanga mmoja wa feni kwa kidole, nayo ikazunguka kwa uhuru kabisa. Injini ikiwa ya moto, feni hiyo inapaswa kuwa nzito mkononi, kwa sababu kaplingi yake ina mafuta mazito ya silikoni yanayoishika. Mafuta hayo yalikuwa yamevuja. Feni ilikuwa ikizunguka kivivu tu wakati tulipoihitaji zaidi.

Tulikaa karibu saa nzima. Kisha mjomba akafungua hita ya ndani mpaka mwisho ili rejeta ndogo ya hita isaidie kutoa joto, akafungua madirisha, tukapanda huku tumelowa jasho na kengele imenyamaza.

Hapo ndipo alipolirudia suala la turbo, na alilieleza bila kumvunja moyo mwanawe. Injini hii hubana hewa zaidi ya mara 22, na moto wake huanzia ndani ya hedi, siyo juu ya pistoni. Ukiongeza hewa na dizeli, joto na shinikizo vinaishia kwenye hedi ileile. Ndugu yake 1HD-T alizaliwa na turbo, lakini huyo hubana hewa mara chache kuliko 1HZ na dizeli yake hupigwa moja kwa moja juu ya pistoni. Wapo wanaofunga turbo kwenye 1HZ kwa shinikizo dogo, pampu ikapimwa na geji ya joto la moshi ikawekwa, nao wanafika salama. Naamini kazi hiyo inawezekana. Lakini kuifunga kwenye gari ambalo feni yake haivuti na rejeta yake ina nusu ya njia zilizoziba ni kuinunulia hedi kaburi.

Binamu aliuliza, "Sasa baba, nguvu tutaipata wapi?"

"Kwenye uzito. Angalia ulivyopakia."

Wasso, mabomba yaliposhushwa, tuliona maana yake. Mabomba marefu yalikuwa yamening'inia nyuma ya bodi, na mzigo wa namna hiyo huipinda chasisi kila gari linaporuka. Nyuma ya mkono wa springi ya kulia kulikuwa na mstari mwembamba wa kutu uliopenya vumbi. Mjomba aliukwangua kwa bisibisi: ufa, mfupi bado. Alimpigia fundi wake wa Arusha, akamwambia hataki ufa uchomelewe peke yake. Anataka bamba lenye ncha zilizochongoka kama mtumbwi, ili nguvu isikusanyike mahali pamoja, na waya za betri na altaneta zitolewe kabla ya kuchomelea. Altaneta hiyohiyo ibadilishiwe na mpira wake wa oili, kwa kuwa nyuma yake ndipo ilipo pampu inayovuta hewa ya buta la breki, na oili ikivuja huko inaua umeme na breki kwa pamoja. Taa ya T-BELT nayo ilikuwa imewaka tangu juma lililopita, ishara ya kilometa 100,000. Mkanda huo ukikatika vali zinagonga pistoni, kwa hiyo hakuna kuusogeza mbele.

Binamu alichukua kalamu kwa mwenye duka. Aliandika kaplingi ya feni na kusafisha rejeta, akaandika mkanda pamoja na tenshona yake, kisha kazi ya chasisi. Alijumlisha, akazitoa fedha za vitunguu na kuzihesabu juu ya boneti. Akamwuliza baba yake kama zitakazobaki zitatosha springi mpya za nyuma.

"Majani mawili tu," mjomba akamjibu. "Mengine bado mazima."