Kabla ya kununua kilima Tosamaganga, tulimtafuta mke wa muuzaji



Tangu shoga zetu wasikie kwamba tunatafuta ardhi Iringa, suali ni moja tu: mmekosa nini Unguja? Bahari tunayo, karafuu tunayo, urojo tunao. Lakini sisi watano, sote mafundi wa nguo, tunakaa kwenye charahani tangu asubuhi mpaka Isha, na ikikaribia Idi tunakesha. Tulitaka pahala penye baridi na kilima cha kupanda kwa miguu, pahala ambapo Julai mtu analala na mablangeti mawili. Na tulitaka nyumba isiyotegemea waya wa umeme.

Hilo la waya lina sababu yake. Umeme wetu unapita chini ya bahari kutoka bara. Mwaka 2008 Unguja ilikaa gizani karibu mwezi mzima. Disemba 2009 ukakatika tena, na haukurudi mpaka Machi 2010. Wakati ule baadhi yetu ndiyo kwanza tumetoka skuli tunajifunza kushona. Charahani za umeme ziligeuka meza za kuwekea vitambaa, na wenye charahani za miguu ndio waliopata riziki. Kwa hiyo mtu akitwambia kujitegemea kwa sola na maji ya mvua ni mambo ya watalii, tunamtazama tu.

Tosamaganga iko nje kidogo ya mji wa Iringa, upande wa Kalenga. Ukitoka Dar es Salaam kwa basi unapita Morogoro na Mikumi, kisha mibuyu ya Ruaha Mbuyuni, halafu gari linaanza kukwea Kitonga na masikio yanaziba. Unateremka Iringa mifupa imechoka, lakini upepo wake ni mwengine kabisa. Maganga ni mawe kwa Kihehe, na mawe kweli yapo, makubwa kama nyumba, yamekaa juu ya vilima kama yamepangwa. Misheni ilianzishwa na Wabenediktini wa Kijerumani mwishoni mwa karne ya 19, na mwaka 1919 wakaja Wakonsolata kutoka Italia. Sisi ni Waislamu na hatukwenda kwa ajili ya kanisa, ila kilichotuvuta ni kwamba pale kuna hospitali na skuli. Ukitaka kukaa bila umeme wa gridi, usikae mbali na daktari. Na matembezi yapo: Kalenga kuna makumbusho lenye fuvu la Chifu Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, na Isimila kuna nguzo za udongo zilizochongwa na mvua pamoja na zana za mawe za watu wa kale. Dada mmoja katika sisi alipanda Gangilonga kwa buibui na raba, akafika juu kabla ya vijana.

Tulioneshwa kiwanja mwezi wa Februari, mvua zinanyesha. Kilikuwa kijiji kimoja jirani, jina tunaliacha, na bei pia tunaiacha maana ikitajwa tu madalali wanaipandisha. Mteremko, mawe mawili makubwa, mianzi, na chini bonde lenye kijito. Dalali alisema yote ni yetu mpaka majini. Alikuwa na karatasi tayari, inangoja saini na muhuri wa mwenyekiti.

Hapa dada zetu someni taratibu. Bara ardhi yote ni ya umma, Rais ni mdhamini wake, na ile ya vijijini inasimamiwa kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999. Haifanani na sheria ya kwetu Zanzibar. Mzanzibari ni raia wa Tanzania, kwa hiyo hazuiliwi, na sheria yenyewe inasema haki ya mwanamke kupata na kumiliki ardhi ni sawa na ya mwanamume. Lakini ardhi ya kijiji haiuzwi kwa mgeni kwa muhuri wa mtu mmoja. Lazima Halmashauri ya Kijiji ikae, ijadili, iridhie, na muhtasari wa kikao uandikwe. Wanaangalia pia kama mgeni ana nia ya kuishi au kufanya kazi pale, hawataki mtu wa kuzungushia uzio na kuondoka. Bila ridhaa hiyo, mahakama inaweza kuufuta mauzo wote, na pesa utaifuata kwa muuzaji kama bado anayo. Sisi tuliolelewa na ile aya ndefu ya Suratul Baqara inayoamrisha deni liandikwe na mashahidi wawepo, karatasi ya dalali haikutusumbua kuikataa.

Tukarudi Julai. Tulitaka kupaona pakiwa pakavu, kwani mvua za kule ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Disemba mpaka Aprili hivi. Majani yamekauka, vumbi jekundu, baridi ya kuuma vidole. Ila bonde lilikuwa kijani. Lilikuwa limechimbwa matuta, lina mahindi machanga, maharage na mboga, na mama mmoja yumo ndani na jembe. Tukamwamkia "kamwene" kwa ile Kihehe yetu ya kubabaisha, akacheka. Alikuwa mke wa muuzaji. Hakuwa anajua kwamba bonde limo kwenye mauzo.

Matuta yale yanaitwa vinyungu. Wahehe wanayalima kiangazi, mabondeni, pale unyevu unapobaki, na ndiyo yanayotoa mahindi mabichi na mboga wakati mashamba ya juu yamelala. Mara nyingi ni mikono ya wanawake.

"Juu huko auze tu, mimi sina neno," alisema. "Lakini hapa, dada zangu, ndipo watoto wanapolia mpaka Disemba. Na daftari za shule zinatoka hapahapa."

Mumewe alisema hicho ni kinyungu tu, si shamba. Dalali akasema mambo ya ndani ya nyumba yasituhusu. Yalituhusu. Ardhi ya familia inahitaji ridhaa ya mke, na hata kama isingekuwa sheria, sote watano tunajua kukata kitambaa cha mtu bila kumuuliza ni nini.

Usiku ule tulibishana wenyewe kwa wenyewe. Mmoja wetu alisema wazi: bila kijito tunanunua mawe. Alikuwa na haki ya kusema hivyo, upatu ule tumeuchanga miaka. Tukatoa kalamu. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Bati la mita za mraba 50, mvua ikija milimita 600, ni lita 30,000 kabla ya kinachopotea. Mlinzi na mkewe wakitumia lita 20 kila mmoja kwa siku, miezi saba ya ukame ni lita 8,400. Tangi la lita 10,000 linawatosha, na sisi wageni wa wiki mbili tutahitaji la pili. Isitoshe, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza kujenga ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, kwa hiyo kibanda chetu kisingekaa kule chini hata tungelipa dhahabu.

Sola ilikuwa rahisi zaidi. Taa, simu na charahani ndogo ya umeme hazili sana. Adui ni pasi. Pasi moja inakula kuliko vyote hivyo vikijumlishwa, na betri inakufa mapema. Tumeamua pasi itakuwa ya mkaa, na charahani mbili za miguu zitapanda Kitonga juu ya basi.

Asubuhi tukamwambia muuzaji tunachukua mteremko, mpaka unaishia kwenye mianzi, bonde linabaki. Bei akapunguza kidogo sana, na kwa uso wa kununa. Dalali hakuturudia tena. Mama tulimuomba aje kikaoni aseme mwenyewe mbele ya Halmashauri, na jina lake liandikwe kwenye muhtasari. Hakujibu papo hapo. Alitazama mumewe, kisha akatuuliza kama tunajua kushona sare za shule.

Upande wetu tumeandika kila mtu na fungu lake kwa jina, ili mmoja akitangulia mbele ya haki warithi wake wajue chao wala wasigombane na wanne waliobaki.

Mpaka tunaandika haya hatujalipa hata shilingi. Kikao kinangoja. Wawili wetu watakwenda, na vipimo vya watoto watatu tumeshaletewa kwa simu.