Penseli za Watoto

Mwezi wa Agosti 2016, baada ya mauaji ya Rwangoma kule Beni, darasa langu la katekisimu hapa Butembo liliongezeka watoto 11. Wengine walikuja na wazazi wao, wengine na shangazi, na mmoja alikuja na mama asiye wa ukoo wake, waliyekutana njiani tu. Tangu Oktoba 2014 tulikwisha zoea kupokea wageni wa namna hiyo. Nyumba nyingi za hapa kwetu zilikuwa na chumba kilichojaa watu wa Beni, wa Oicha au wa Eringeti.

Basi, Jumamosi moja niliwagawia watoto karatasi na penseli za rangi, nikawaambia wachore Jamaa Takatifu ikikimbilia Misri. Sikuwa na wazo kubwa. Ndilo somo tulilolifikia.

Mvulana mmoja, umri wake yapata miaka tisa, alichora kwa muda mrefu kuliko wenzake. Alimchora Yosefu akimbeba Mtoto mgongoni, na Bikira Maria akienda mbele, godoro limefungwa kwa kamba kichwani pake. Punda hakuwapo. Nyuma yao ilikuwako nyumba yenye mlango wazi, na karibu na mlango watu wawili wamelala chini. Nikamwuliza, "Hawa ni akina nani?" Akanijibu, "Ni majirani, Mwalimu." Akaendelea kupaka godoro rangi ya buluu.

Katekista mwenzangu, mzee aliyenitangulia kazini miaka mingi, nami humwita yaya, aliiona karatasi ile akakasirika. "Mdogo wangu," akasema, "Bikira Maria na godoro! Ichane. Wape watoto maua wachore, wasahau." Yaya si mtu mbaya. Yeye mwenyewe alikuwa amepokea jamaa 14 nyumbani mwake, na usiku aliwasikia watoto wakipiga kelele usingizini. Alitaka usahaulifu kama mgonjwa atakavyo dawa. Nami sikubishana naye, maana ni mkubwa wangu. Lakini karatasi sikuichana. Niliikunja nikaitia katika misale yangu, na usiku ule nikamkumbuka mtu ambaye sikupata kuonana naye hata siku moja, lakini alinipeleka kwenye kitubio. Jina lake Jean-Michel Kibushi Ndjate Wooto, na kazi yake ni kutunga sinema za michoro.

Mtasema, sinema za michoro na kitubio vyahusiana nini? Ngojeni kidogo.

Sinema haikuwa kitu kigeni katika misioni zetu. Marehemu baba yangu alipenda kusimulia jinsi walivyotandikiwa shuka jeupe uwanjani, wakakaa chini jioni, na mashine ikaanza kunguruma. Katika miaka ya 1950 mapadri wenyewe walitengeneza filamu kwa ajili ya Wakongo. Bukavu ilikuwako Africa Films ya Mapadri Weupe, na Léopoldville alikuwako Padri Alexandre Van den Heuvel wa Shirika la Scheut. Huyo ndiye aliyetengeneza filamu za Mboloko, yule swala mdogo mwerevu wa hadithi, tena kwa michoro. Yaani mnyama wa hadithi za bibi zetu aliinuka akatembea ukutani. Ilikuwa kazi ya sifa. Lakini aliyeshika penseli alikuwa Mzungu, na Mkongo alikuwa mtazamaji. Ilipita zaidi ya miaka 30 ndipo Mkongo alipotoa sinema ya michoro iliyo yake.

Kibushi alizaliwa mwaka 1957 huko Lubefu, katika nchi ya Watetela, Kasai. Alisomea michezo ya kuigiza katika chuo cha sanaa cha taifa, Kinshasa. Kisha alijifunza michoro ya sinema pamoja na Wabelgiji wa Atelier Graphoui, na mwaka 1988 akaanzisha karakana yake mwenyewe, akaiita Studio Malembe Maa. Anayejua Kilingala atatabasamu, kwa sababu malembe maana yake ni polepole. Na kweli hakuna kazi ya polepole kama ile. Sinema hupitisha picha 24 kwa nukta moja ya saa. Dakika moja yataka picha 1,440. Mchoraji akitaka mkono wa chura uinuke, hana budi kuuchora chini, aupige picha, auchore juu kidogo, aupige picha, na hivyo hivyo hata jioni, na mkono bado haujafika kichwani. Baadhi yao hupiga kila mchoro picha mbili ili kupunguza taabu, lakini hata hivyo taabu yabaki.

Sisi Wanande ni watu wa biashara. Mtu akituambia kwamba anachora, twamwuliza atauza nini na wapi. Nakiri kwamba nami ningalimwuliza Kibushi hivyo. Filamu yake ya kwanza ilitoka mwaka 1991, jina lake Le Crapaud chez ses beaux-parents, yaani chura kwa wakwe zake, nayo ni hadithi ya Watetela. Ni filamu ya dakika chache tu. Mtu aliyekwisha kwenda kwa wakwe na kuona aibu ya kila tonge analomeza hahitaji maelezo zaidi.

Mwaka ule ule wa 1991 mimi nilikuwa mwanafunzi Kinshasa, mbali sana na Butembo. Tarehe 23 Septemba askari ambao mshahara wao ulikuwa umekuwa si kitu waliondoka kambini wakaanza kupora. Walianzia upande wa Ndjili. Asubuhi ilipofika, raia waliwafuata. Nimewasikia watu wengi wakisimulia siku zile kana kwamba waliopora walikuwa watu wengine, wa mtaa mwingine. Basi mimi nitasema yangu. Karibu na mahali nilipokaa palikuwa na duka la Mreno mmoja, mtu mnene mwenye pumu, aliyetukopesha mkate sisi wanafunzi na kuandika madeni yetu katika daftari jeusi. Mlango wake ulikuwa umevunjwa. Watu walikuwa wakitoka na friji, na viti, na mabati, hata na choo cha kauri. Niliingia. Nilitoka na katoni ya maziwa ya mkebe begani, mikebe 48, nikakimbia nayo kama mtu aliyeitiwa mgonjwa. Na katika kukimbia nililiona lile daftari jeusi limetupwa chini, nikafurahi, kwa kuwa deni langu nalo lilikuwa limekufa.

Maziwa tuliyanywa muda wa majuma matatu. Nilikwenda Misa kila Dominika, na kukomunika nilikomunika. Nilijiambia: kila mtu alichukua, serikali ndiyo iliyotufikisha hapa, Mreno ni tajiri. Maneno haya matatu yalinitosha kabisa. Baadaye nilisikia kwamba yule Mreno amekwenda zake Ulaya, hata sikuuliza habari zake tena.

Miaka michache ikapita. Siku moja rafiki alinichukua kwenye ukumbi mmoja mjini, kutazama filamu fupi fupi. Ya tatu au ya nne ilikuwa ya Kibushi, Kinshasa, septembre noir, aliyoitoa mwaka 1992. Yasimulia uporaji ule. Lakini hakuisimulia kwa picha za askari alizozipiga barabarani, wala kwa maneno ya wakubwa. Aliwapa watoto kazi ya kuchora, na michoro yao ndiyo filamu. Mnajua jinsi watoto wachoravyo: kichwa kikubwa, mikono kama vijiti, bunduki ndefu kuliko mtu, nyumba isiyo na upande. Watu ukumbini walicheka mwanzoni, nami nilicheka. Halafu kicheko kikakoma chenyewe.

Sikumbuki kila mchoro, nami sitaki kuwadanganya. Nakumbuka hili, kwamba mtoto hamchori mporaji kuwa mbaya wala mwema. Anachora mtu na mzigo wake. Katika vile vijitu vyenye mizigo nilijiona mimi. Sikuona serikali, sikuona mshahara wa askari, sikuona utajiri wa Mreno. Nilijiona nikikimbia, na nilifahamu ghafula kwamba siku ile, katika mtaa ule, walikuwako watoto milangoni. Walikuwa wakitutazama. Nilikuwa nimewasahau kabisa. Wao hawakuwa wamenisahau.

Juma lile lile nilikwenda kuungama. Padri aliniuliza kama mwenye mali yupo. Nikasema amekwisha ondoka. Basi akaniagiza nitoe thamani yake kwa maskini. Kwa mwanafunzi wa siku zile, fedha ikishuka thamani kila juma, ilinichukua muda mrefu kumaliza mikebe 48. Nilinunua mkebe mmoja mmoja nikaupeleka kwenye kituo cha watoto wachanga. Siku nyingine niliudhika njiani, nikamlaumu Kibushi.

Tangu hapo nilikuwa nikiuliza habari zake. Aliendelea polepole, kama jina la karakana yake. Mwaka 1999 alitoa Muana Mboka, habari ya mtoto wa barabarani wa Kinshasa anayemwokoa waziri katika ajali ya gari. Mwaka 2004 alitoa Prince Loseno, na humo alitumia vikaragosi. Alipata kuishi na kufanya kazi Ubelgiji, lakini pia alizunguka Kongo na sinema ya kutembea, akionyesha filamu mahali pasipo na ukumbi na kuwafundisha vijana ufundi huo. Hesabu filamu zake, utaona si nyingi. Hesabu picha zilizomo, utachoka.

Wako watu wasemao kwamba kuwachoresha watoto mabaya waliyoyaona ni kuyaandika mara ya pili moyoni mwao. Sipendi kuwadharau. Katika siku za Ebola, kati ya Agosti 2018 na Juni 2020, ugonjwa ulipoua watu zaidi ya 2,200 katika nchi yetu hii ya mashariki, walikuwako watoto waliochora watu wenye nguo nyeupe na miwani mikubwa, wakalia wakichora. Tuliwaacha wapumzike. Asiyetaka kuchora asilazimishwe, nami sijamlazimisha mtu. Ila yule mvulana wa godoro hakulia. Alichora kwa bidii kama fundi mwenye siku ya kukabidhi kazi.

Narudi basi kwake. Jumamosi iliyofuata nilimwita kando, nikamrudishia karatasi yake, nikamwambia ni nzuri. Kisha nikamwonyesha mchezo niliojifunza katika kusoma habari za kazi ya Kibushi. Unachukua daftari la shule. Pembeni mwa kila ukurasa, mahali pale pale, unachora mtu, kila mara ukimsogeza kidogo. Halafu unashika daftari kwa mkono mmoja na kuziachia kurasa kwa dole gumba, upesi, na mtu anatembea. Nilimchorea mpira unaodunda. Aliutazama mara 20 bila kusema neno, akaondoka na daftari.

Alileta kazi yake baada ya majuma matatu. Alikuwa amejaza kurasa zote 48. Yosefu anatembea, miguu yake ikipishana vizuri sana, Mtoto yuko mgongoni, na godoro la Maria linayumba kidogo, juu na chini, kama magodoro yayumbavyo kweli kwenye barabara ya Beni. Nyumba inabaki nyuma, inakuwa ndogo, inapotea. Hakuwachora majirani mara hii. Sikumwuliza.

Watoto wote walikusanyika. Kila mmoja alitaka kuziachia kurasa yeye mwenyewe. Yaya akaja kuona kelele ni ya nini, akavaa miwani yake, akalishika daftari. Mara ya kwanza kurasa zilimshinda. Mara ya pili Jamaa Takatifu ikaenda mbele ya macho yake mpaka mwisho. Alinyamaza. Kisha akauliza kwa sauti ya ukali, ile anayotumia akitaka kuficha jambo, "Na punda je? Injili ya picha zote ina punda."

"Walimnyang'anya njiani, Mwalimu," mvulana akajibu.

Yaya akavua miwani. Akaipangusa kwa shati, akaivaa tena, akaomba kutazama mara nyingine. Lakini safari hii, kwa kuwa hakuwa na mazoea, alilishika daftari kwa nyuma, na kurasa zikaanza kuanguka kutoka mwisho kuja mwanzo. Nyumba ikatokea, ndogo kama punje ya mchele, ikakua. Yosefu na Maria na Mtoto na godoro wakarudi hata mlangoni.

Watoto wakapiga makofi. Yule mvulana peke yake hakufurahi. Alichukua daftari, akaachia kurasa mwenyewe kwa nyuma, mara moja, mara mbili, akitazama kwa karibu.

"Wanarudi kinyumenyume," akasema. "Hivi hawawezi kuona mlango. Lazima nichore upya."

Akaniomba daftari lingine. Sikuwa nalo. Yaya ndiye aliyekwenda dukani.