Jina la Msuli ni Ramani Yake

Mwili wa binadamu una misuli ya mifupa ipatayo 600, na mwanafunzi wa ukandaji hulazimika kuyajua majina mengi ya misuli hiyo, aghalabu yakiwa ya Kilatini na Kiyunani. Anayeyakariri kama kasuku huyasahau pindi atokapo kwenye chumba cha mtihani. Afanyeje basi?

Njia iliyo bora ni kulichambua jina. Sternokleidomastoidi ni jina la kutisha. Lakini likifasiriwa, hutaja mfupa wa kidari na mtulinga, unakoanzia msuli huo, na mfupa ulio nyuma ya sikio, unakoishia. Kisha mkono uthibitishe: mwanafunzi akigeuza uso kushoto, msuli wa upande wa kulia hutuna shingoni. Aushike, auchore, kisha amweleze mwenzake kwa Kiswahili. Akikwama, arudi mwanzo.

Haya si mapambo ya elimu. Chini ya msuli huo hupita mshipa mkuu upelekao damu kichwani, na kidole kinachobonyeza hapo pasi na kujua huweza kumfanya anayekandwa azirai. Ndiposa inafaa vidole vitahiniwe kabla ya kalamu.