Mahali pa Kukunjulia Sari

Nilizaliwa Mombasa, katika ukoo uliovuka bahari kutoka Mandvi, bandari ya Kutch, lakini kazi yangu niliisomea Ahmedabad, katika shule ya usanifu majengo aliyoianzisha B. V. Doshi mwaka 1962. Nilipomaliza sikurudi. Mji ulikuwa umeshaninasa: nyumba za kale za mbao zilizochongwa, na ng'ambo ya mitaa hiyo jengo la zege la chama cha wenye viwanda, kazi ya Le Corbusier, na wenyeji wakipita kati ya hayo mawili bila kushangaa. Hata msikiti wa Sidi Saiyyed, ambao madirisha yake ya jiwe lililotobolewa ndiyo fahari ya mji, ulijengwa mwaka 1573 na Mhabeshi. Kwa hiyo sisi wa upande huu wa bahari tuna hisa yetu pale.

Kazi iliyonipa jina ilikuwa duka la nguo. Mwenyewe aliuza ajrakh za Kutch na patola za Patan, na alitaka mtu akiingia tu ajue yuko India. Orodha yake ilikuwa na tembo wa shaba, matao ya jipsamu yaliyopakwa rangi ya dhahabu, na mbao za kiwandani zilizobandikwa vioo kwa gundi. Mahoteli yamejaa vitu hivyo. Nilimuuliza jambo moja tu: babu yake alikuwa akiuzaje nguo?

Uso wake ukabadilika. Akanieleza habari za gadi, godoro lililotandikwa shuka jeupe: mteja anavua viatu, anaketi, analetewa chai, na muuzaji anamkunjulia sari moja baada ya nyingine. "Na siku hizi?" "Siku hizi tunatundika kwenye henga." Nyuzi za patola, za mtande na za mshindio, hufungwa na kutiwa rangi kabla ya kufumwa, na sari moja huweza kula miezi mingi. Ukiitundika, mteja anaona ukingo tu.

Basi gadi ikawa ndiyo duka. Niliiinua sentimita 45, kimo cha kiti, ili bibi mwenye magoti mabovu aketi ukingoni na mjukuu wake apande akunje miguu. Chini yake nikatia droo za msaji zisizo na nakshi yoyote. Tembo hawakuja.

Pesa nyingi zilikwenda kwenye taa, na mwenye duka alinung'unika kweli. Lakini nili ya ajrakh chini ya taa ya manjano huonekana nyeusi. Mteja akifika nyumbani, anarudisha nguo. Juu ya gadi niliweka taa za kelvini 4000, zenye kipimo cha uhalisia wa rangi (CRI) kinachozidi 90. Kwenye chumba cha kujaribia nguo, taa zilikaa pande mbili za kioo. Taa ya utosini humtia mtu vivuli chini ya macho, na aliyejiona amechoka hanunui.

Ukuta wa nyuma tuliwapa wanawake wa Kutch wanaofinyanga nakshi za udongo uliochanganywa na samadi, kama wanavyopamba nyumba zao za duara. Nyingi za nyumba hizo zilistahimili tetemeko la Januari 26, 2001. Mwenye duka aliogopa harufu. Udongo ulipokauka, harufu haikuwepo. Kiongozi wao, niliyemwita Ba kwa heshima ya umri wake, hakutazama michoro yangu. Alitazama dari. "Beta, hiki kiyoyozi kinapuliza wapi?" Kilikuwa kinaelekea ukutani, na upepo mkavu hupasua udongo. Tukakihamisha, kisha chini ya ukuta tukapiga mstari wa jiwe la Kota ili maji ya deki yasiulowanishe.

Vioo vidogo ambavyo wao huvipachika ndani ya nakshi hizo sikuvitaka kabisa. "Na usiku utaona nini?" Ba akaniuliza. Tukaafikiana mstari mmoja, pale mwanga wa mlangoni unapofika.

Katika mkataba niliandika wanawake hao walipwe kwa futi ya mraba, kiwango kile kile cha fundi wa marumaru. Vijana mnaoingia katika kazi hii, nawaomba: mchoro wenu wa kwanza mwonyesheni fundi kabla hamjampelekea mteja.