Ndafu Wangu Sasa Wanakojoa

Hapa Somanda, anayenenepesha mbuzi wa Idi au Krismasi hahangaiki na chakula. Mashudu ya mbegu za pamba yanapatikana hapa Bariadi, pumba za mahindi na za mpunga zipo mashineni. Ndivyo tulivyolisha wote. Kila kiangazi ndafu, yaani madume tuliowahasi ili wanenepe, walikufa wamevimba tumbo. Tulisema ni gesi, tukawanywesha mafuta ya kula.

Kisha akaugua ndafu wangu mweupe. Alisimama amejinyoosha, akijikamua huku anasaga meno, na mkojo ukitoka ni tone tu. Daktari wa mifugo alimpapasa, akanionyesha chembe nyeupe zilizoganda kwenye nywele za uumeni, kama chumvi.

"Mama, huyu hajavimbiwa. Mkojo umeziba."

Alikata ule unyuzi ulio kwenye ncha ya uume wa mbuzi, mahali vijiwe vinaponasa kwanza, na mkojo ukachuruzika. Ndafu wa jirani alingojewa hadi kesho yake; kibofu kikapasuka, na nyama haikulika kwa harufu.

Pumba na mashudu, alinieleza, yana fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, ilhali katika chakula chote cha siku kalsiamu inatakiwa iwe kama mara mbili ya fosforasi. Mizani ikigeuka na maji yakawa haba, mkojo unakuwa mzito, madini yanaganda. Jike hunusurika kwa kuwa njia yake ni fupi na pana. Ya dume ni ndefu, ina kona, na akihasiwa akiwa mchanga mno haipanuki vizuri.

Siku hizi chakula chao ni nyasi na matawi ya ngitili, malisho tunayoyahifadhi kwa ajili ya kiangazi. Pumba ni kionjo cha jioni, tena zenye chokaa ya mifugo. Natia na chumvi kidogo ili wapate kiu, na ndoo haikauki hata lambo likikauka. Kuhasi nangoja wafikishe miezi mitano au sita. Wananenepa polepole zaidi, sikatai, ila wanafika mnadani wakiwa hai.

 

Ndugu mfugaji, ukiona dume anajikamua na mkojo hautoki, acha mafuta, usingoje kesho. Mwite daktari wa mifugo siku hiyohiyo.